Mafuta yamegoma kutoka kwenye vyombo vya plastiki? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Umeosha chombo, umesuuza, povu lote limeisha, halafu unapitisha kidole ndani na bado kinateleza. Glasi uliyoosha kwa sabuni hiyo hiyo iko safi kabisa, plastiki ndo imegoma. Wengi wakifika hapo wanaenda kununua kitu kikali zaidi na hapo ndo hela inapopotea, maana shida sio ukali. Plastiki nyingi za jikoni zinatokana na petroli, zinapenda mafuta na zinakataa maji, kwa hiyo ukianza na maji, tena ya baridi, sabuni inazimuka kabla haijayafikia mafuta na yenyewe yanaendelea kung'ang'ania pale pale.

Namba moja kwangu, na sina wasiwasi nayo, ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hii ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, so mafuta yanabebwa yanaondoka. Dukani usiangalie uzito, chumvi ya kawaida tu inaweza kuifanya sabuni iwe nzito bila kuiongezea nguvu, na povu jingi nalo halikwambii kitu. Nunua chupa ndogo kwanza, nenda nyumbani dondosha tone moja kwenye mfuniko mkavu wenye mafuta, sugua kwa kidole, ongeza maji kidogo. Mafuta yakigeuka meupe kama maziwa na kuteleza yakaondoka, hiyo ndo sabuni, rudi uchukue chupa kubwa. Yakijikusanya tena vitone vitone, achana nayo.

Na namna ya kuitumia ni muhimu kuliko hata jina lililoandikwa kwenye chupa. Futa mafuta kwa tishu kwanza, paka sabuni chombo kikiwa KIKAVU, sugua mpaka kwenye kona, acha dakika tano hivi, ndo ulete maji ya moto. Ila geuza chombo uangalie namba iliyo chini, ile inayoonyesha aina ya plastiki: 5 inavumilia maji yaliyotoka kuchemka, namba 1 inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi, kwa hiyo ipe maji ya vuguvugu tu. Na usifunge mfuniko ukatikisa maji ya moto ndani, mvuke unasukuma mfuniko na yanaweza kukurukia usoni, ukitaka kutikisa tumia ya vuguvugu na utie vipande vya tishu, vinasugua kona ambazo kidole hakifiki.

Namba mbili sio dawa, ni brashi. Brashi ndogo ya nailoni yenye nywele laini. Toa ule mpira wa kwenye mfuniko uangalie mfereji wake, utakuta mstari wa mafuta mazito umejipanga humo na ndo unaotoa ile harufu kila ukifungua, sponji haiwezi kuingia pale hata ufanyeje. Ukinunua sponji chukua laini, ule upande wa kukwaruza usitumie kwenye plastiki. Stilwuli ndo usithubutu. Nilishawahi kusugulia chombo nilichokipenda sana, siku hiyo kilitakata nikafurahi, baada ya hapo kila mafuta yakiingia yanajificha kwenye mikwaruzo na hakijawahi kuwa safi tena, bado inaniuma.

Tatu ni bekingi soda. Changanya na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka baada ya sabuni, inasugua bila kuumiza plastiki na inapunguza harufu. Yenyewe peke yake haishindi sabuni, iweke kama msaidizi. Na ile kuchanganya na siki ili itoe povu tafadhali acheni, asidi na alkali zinauana, unabaki na maji yenye chumvi chumvi na gesi imeshaenda zake hewani.

Ya nne ni soda ya kufulia, ile sodiamu kaboneti, kali kuliko bekingi soda. Hii ni ya vyombo vinavyokaa karibu na jiko, vile ambavyo mafuta yameganda nje yakawa ya njano na yananata kama gundi, kwa sababu mafuta yakikaa na hewa muda mrefu yanabadilika kabisa na sabuni ya kawaida inahangaika nayo. Vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya moto, loweka nusu saa, vaa glavu, suuza vizuri, na usitumbukize sufuria za alumini humo zitageuka nyeusi.

Siki naiweka ya tano. Haitoi mafuta jamani! Inachotoa ni ule utando mweupe wa maji magumu, yale yenye madini mengi, hasa kama unaoshea sabuni ya kipande, basi.

Ya mwisho ni blichi. Inaondoa rangi, mafuta inayaacha. Ukiichanganya na siki inatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu kwenye mapafu, msijaribu hata kidogo. Na kama kinachokukera ni rangi ya nyanya au manjano, osha mafuta yote yaishe halafu anika chombo juani siku moja mbili, jua linapausha bure. Petroli, thina, na spreyi za kusafishia oveni hazina kazi kwenye chombo cha chakula.

Kuna vyombo ambavyo hutaviokoa, na hapo hela ya dawa bora ununulie chombo kipya. Ukiona vishimo vidogo vidogo na duara gumu la rangi ya chungwa pale mchuzi ulipoishia, hiyo ni maikrowevu, mafuta yanapita nyuzi 100 ambazo maji hayavuki, plastiki inaungua juu juu na mafuta yanaingia humo. Ukienda kununua kingine chagua chenye kona za mviringo na mpira wa mfuniko unaotoka, na kwa vya kupashia moto chakula chenye mafuta chukua cha glasi, plastiki ibaki na vitu vikavu.