Kozi ya takwimu kwa Python, naipa nyota nne
Jamani mimi na hesabu tulishaachana tangu fomu foo, ila hii kozi ya jioni niliyolipia mwezi uliopita imeturudisha, maana hawaanzi na mafomula wala yale majedwali ya nyuma ya kitabu. Niliandika dakika nilizosubiri daladala siku 20, tukaziingiza kwenye Python (lugha ya kuiagiza kompyuta), kompyuta ikawa inachota namba 20 humohumo, kila ikichota inairudisha kwa hiyo moja inaweza kutoka hata mara tatu, inapiga wastani, inarudia mara 10,000. Zipange hizo wastani ndogo mpaka kubwa, kata 250 kila upande, zilizobaki katikati ndo wigo wako wa asilimia 95, yaani unapokadiria wastani halisi wa kusubiri ulipo, basi! Kumbe njia hii ndo inaitwa butstrapu (bootstrap), ya mwanatakwimu Bradley Efron, ya 1979 hiyo.

Ubaya sasa, mwalimu anakimbia balaa kwenye kodi (yale maagizo ya kompyuta, siyo ile ya TRA), mi nikachapa amri ya sample badala ya choices, ikawa hairudishi namba, inachota zilezile 20, wastani uleule mara zote 10,000, nikabaki naitolea macho skrini hadi dada wa pembeni akacheka. Na laptop uje na yako, hawaazimishi.