Kompyuta Tatu za Kuzamia Zisizohitaji Mpira wa Geji, Zikipimwa kwa Maji ya Victoria

Anayezama katika Ziwa Victoria huanzia kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni kama bar 0.88, na hilo ndilo nililolitanguliza nilipolinganisha kompyuta tatu za mkononi zinazosoma hewa ya mtungi bila waya: Shearwater Perdix 2, Suunto D5 na Garmin Descent Mk2i. Urembo wa skrini ungeweza kusubiri.

Suunto D5 humwachia mwenyewe kazi ya kuchagua daraja la mwinuko: mita 0 hadi 300, 300 hadi 1,500, au 1,500 hadi 3,000. Kiwandani hutoka ikiwa kwenye daraja la kwanza, kwa hiyo anayeingia nayo majini Entebbe bila kuigusa huhesabiwa naitrojeni inayoingia mwilini kana kwamba yuko Mombasa. Akipanda Ziwa Bunyonyi, karibu mita 1,960, itambidi aibadilishe tena. Perdix 2 ikiwekwa kwenye hali ya kujirekebisha hupima presha ya hewa yenyewe, na Garmin nayo hufanya hivyo. Ukiiacha Perdix kwenye mpangilio wa maji ya chumvi ilhali unazama ziwani, itakuonyesha kina pungufu kwa takriban asilimia 3, ingawa hesabu ya naitrojeni haiharibiki, maana hutegemea presha yenyewe.

Transmita, yaani vifaa vinavyotuma presha ya mtungi kwenye kompyuta, za Shearwater na Suunto hutumia mawimbi ya redio, ambayo majini hayafiki mbali, hivyo ni vyema transmita ikae upande wa mkono uliovaa kompyuta. Garmin hutumia sauti, na kwa transmita yake ya T1 mwalimu aliye ndani ya mita 10 huweza kusoma mitungi ya wanafunzi wake. Katika maji yetu ya kijani, ambamo mwenzako hupotea akiwa karibu kukugusa, huo ni msaada mkubwa, ijapokuwa kuona namba ya mtu si sawa na kumwona mtu mwenyewe.

Kilichoamua ni betri. Perdix 2 hula betri moja ya AA, inayopatikana duka lolote la kando ya barabara, ilhali D5 na Mk2i husubiri umeme wa kuchajia, ambao visiwani Ssese hauna hakika kila jioni. Transmita ya Perdix iitwayo Swift, hata hivyo, hutaka betri ya CR123A, nayo inunuliwe Kampala kabla ya safari. Kwa anayefundisha ningependekeza Garmin. Wengine wote, Perdix 2.

Yoyote utakayochukua, fungua vali ya mtungi polepole ili presha isiigonge transmita kwa ghafla, na umkataze mbeba mizigo kuishika kama mpini anapoupandisha mtungi botini.