Bibi harusi aliyepauka: uzoefu wangu na kipima rangi cha SpyderX kwenye laptopu ya mtumba

"Mwanangu, mbona binti yangu amepauka hivi? Siku ile alipakwa mafuta mpaka anang'aa!"

Mama wa bibi harusi aliniambia hayo albamu ikiwa mkononi mwake, na alikuwa anasema kweli. Kwenye picha za ukumbini, ngozi ya binti ilikuwa na ubuluu wa majivu, kama mtu aliyetoka kuoga baharini akakaukia juani. Napiga picha za sendoff na harusi hapa Tanga, na kwangu rangi ya ngozi ndiyo kazi yenyewe. Ukiikosea hiyo, kamera ya mamilioni haikusaidii kitu.

Nilianza kuishuku kamera, maana ukumbi ulikuwa umejaa taa za LED za zambarau. Lakini picha zilezile, kwenye kioo kidogo cha kamera na kwenye simu kabla sijazigusa, ngozi ilikuwa safi kabisa. Kilichonifungua macho ni kwamba picha za asubuhi nyumbani kwao zilitoka vizuri, na hizo nilizihariri mchana. Za ukumbini nilikaa nazo usiku, baada ya saa mbili.

Windows ina kitu kinachoitwa mwanga wa usiku, ambacho ukikipangia, jua likizama kinapunguza bluu kwenye kioo ili macho yasichoke. Kwenye laptopu yangu kilikuwa kimewashwa tangu nilipoinunua kwa mtu. Kioo kinageuka manjano taratibu, jicho linazoea, nami nadhani picha ndiyo ya manjano, basi naongeza bluu. Karatasi haina mwanga wa usiku. Ilibeba bluu yote niliyoitia.

Nikakizima. Nikatatua pia tatizo jingine la kioo lililokuwa likinisumbua: mistari ya waridi iliyokuja na kupotea. Niliinua kifuniko cha laptopu polepole, sentimeta kwa sentimeta. Kikifika pembe fulani, mistari inatokea, nikikisogeza kidogo inafutika. Nikaunganisha TV kwa waya wa HDMI, TV ikawa safi muda wote. Hapo nikajua ni waya wa kioo unaopita kwenye bawaba, siyo chipu ya picha. Fundi aliubadilisha mchana mmoja tu. Kabla hujakubali kuuziwa kioo kizima, fanya hivyo vipimo viwili.

Hata hivyo macho yangu sikuyaamini tena, ndipo nikanunua Datacolor SpyderX, kifaa cha kupima rangi za kioo. Ni kidude cha kukaa kiganjani. Unakichomeka kwenye USB, unakining'iniza mbele ya kioo, na kifuniko chake kinapita nyuma kama uzito wa kukishikilia. Unaacha kioo kiwake nusu saa kwanza, kisha programu inapitisha rangi moja moja huku kidude kikisoma. Kupima kwenyewe ni dakika chache. Mimi nililenga weupe wa kelvini 6500, gama (mpito wa kutoka giza hadi mwanga) ya 2.2 na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba.

Mwishoni inakuonyesha kabla na baada. Kijivu nilichokuwa nakiona cha kawaida miaka miwili kumbe kilikuwa na ubuluu! Yaani mchana nilikuwa natia joto kupita kiasi kwenye kila picha bila kujua. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ngozi ikipata ushaba kidogo watu hufurahi. Ikipata majivu, wanaumia.

Kasoro zipo. Bei yake ni nzito kwa mtu anayeanza, na bila intaneti hukiamilishi mara ya kwanza. Kubwa zaidi, hakiwezi kukupa rangi ambazo kioo hakina. Changu ni cha TN, aina ya kioo cha bei nafuu; kilipimwa kikaonyesha asilimia 63 tu ya sRGB, yaani rangi za kawaida za simu na intaneti, na nikiinamisha kichwa kidogo uso wa mtu unakuwa mweusi zaidi au unafifia. Nyekundu ya kitenge bado siioni yote. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, nunua kwanza skrini ya IPS (aina isiyobadilika sana ukiitazama kwa pembeni), hata iliyotumika, halafu kidude uazime kwa mwenzako.

Na ukiwa hapo, angalia kamera yako isiwe kwenye Adobe RGB, mpangilio wa rangi mpana kuliko sRGB. Yangu ilikuwa hivyo, na picha zikifika kwenye simu za wateja zilikuwa zimefifia. Nimeirudisha sRGB.

Picha 36 za ukumbini nilizihariri upya na kuzisafisha kwa gharama yangu. Mama alizipeleka mlangoni kwenye mwanga, akazitazama moja moja, akaniambia, "Huyu sasa ndiye mwanangu." Moja niliiomba nibaki nayo. Nimeibandika ukutani pembeni ya laptopu, na kila usiku kabla sijaanza kuhariri nafungua faili yake, natazama ukuta, kisha natazama kioo.