Waya za plagi za Corolla 110: duka la Gerezani lililokubali nipime kwanza

Gari langu ni Corolla 110, injini 5A-FE, ile ambayo kila fundi Morogoro anadai anaifungua akiwa amefumba macho. Masika yalipoanza nalo likaanza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka. Asubuhi ya mvua linatetemeka kwenye sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Ikifika saa nne, jua limewaka, gari limetulia kabisa, na wewe umesimama mbele ya fundi unaonekana mzushi. Nikipandisha kwenda Bigwa na abiria watatu linashtuka-shtuka kama punda aliyegoma.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Tukabadilisha. Akasema nozeli, zikaoshwa. Wa pili akasema plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, nikanunua nne hapa mjini, boksi lina jina la kampuni kubwa ya Japani. Hali ikawa ileile. Nilipozichomoa mwenyewe nikakuta kichuma cha juu kinazunguka kwa vidole, maandishi ya kwenye kauri yanatoka kwa kucha, na moja ile ncha ya katikati imekaa upande. Feki tupu. Nafundisha fizikia, mada ya umeme naimaliza kila mwaka, halafu nauziwa plagi feki. Naomba wanafunzi wangu wasipite hapa.

Nikakaa nikafikiri kama mwalimu sasa, si kama mteja. Unyevu na mlima, hivyo viwili vina undugu gani? Koili inachukua volti 12 za betri inazipandisha kuwa maelfu kwa maelfu. Umeme wa kiwango hicho ukikuta mpira wa waya inayoupeleka kwenye plagi umepasuka na pana unyevu, hausubiri plagi, unakimbilia kwenye chuma cha injini. Na ukikanyaga mafuta kilimani, mchanganyiko ndani ya silinda unabanwa zaidi, kwa hiyo cheche inadai volti nyingi zaidi kuruka pengo lilelile. Ndiyo maana gari linatulia gereji na kukuaibisha mlimani.

Saa mbili usiku nikazima taa za uani, nikawasha injini, bonneti juu, nikanyunyizia ukungu wa maji kwa chupa niliyoazima saluni ya jirani. Kwenye waya ya silinda ya tatu vikaanza kurukaruka vimwali vya buluu. Vizuri kuangalia, ila mikono mfukoni. Kesho yake nilipoichomoa, kile kirungu cha mpira kinachokaa juu ya plagi kilitoka kimelowa oili. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imechoka, oili inashuka kwenye shimo la plagi, mpira unaoza taratibu. Maltimita ya maabara, kile kipima umeme, ilisoma ukinzani wa waya tatu kati ya kiloomu 11 na 14. Ya silinda ya tatu haikusoma chochote, maana yake imekatika ndani. Toyota inaruhusu hadi 25 kwa waya moja.

Basi Jumamosi nikapanda treni ya umeme, 13,000, nikashuka Dar na maltimita kwenye mkoba.

Duka lenyewe halina bango, ni mlango mmoja uliobanwa kati ya wauza silensa wawili huko Gerezani. Ukutani wameandika kwa makapeni: VITU VYA UMEME HAVIRUDISHWI. Nikamwambia kijana, mdogo wangu, kama havirudi, basi nipime kabla sijalipa. Maduka mawili ya jirani yalikuwa yameshanicheka. Huyu akasema, "Pima mama, hata mimi nataka kujua nauza nini." Akasogeza na kiti.

Akaniwekea aina tatu. Mpya zisizo na jina, 18,000: moja ilisoma 3, mwenzake 19, na ukikunja inayofuata namba inapotea. Za mtumba wa Japani, 25,000: vipimo safi, lakini mpira umekakamaa kama muwa mkavu. NGK mpya, alianza 85,000 tukaishia 70,000: zote nne zilisoma kulingana na urefu wake, ndefu juu kidogo, fupi chini kidogo, kama inavyotakiwa. Nikachukua hizo, na plagi zenye namba ileile ya zile za zamani. Zinaishia na 11, maana yake pengo ni milimita 1.1. Fundi wangu alikuwa na tabia ya kuzibana kwa kugonga na spana.

Lawama ninayo. Kofia ya distributa, kifuniko cha kile kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila plagi, niliyomwagiza alinipa ya injini ya 4E, ya Starlet, nami kwa furaha ya vipimo sikuilinganisha. Nimeigundua nipo nyumbani, matundu ya bolti hayaonani. Nikapiga simu. Alinikumbusha maandishi ya ukutani, tukabishana, mwisho akakubali kubadilisha, nauli ya basi juu yangu kwenda na kurudi. Siku nne. Risiti pia aliandika baada ya kuombwa mara ya tatu.

Waya nilizifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine: natoa ya zamani, naweka mpya, ndipo nahamia inayofuata. Ukizing'oa zote kwa mkupuo utasahau mpangilio wa silinda kupokea cheche, 1-3-4-2, na hapo utamlipa fundi. Kofia mpya ilipofika niliangalia ile ya zamani kwa ndani. Ina mstari mweusi mwembamba kama nywele kutoka ncha moja hadi nyingine, njia ya mkato ya umeme. Kwa hiyo hata waya zisingetosha peke yake.

Sasa ni wiki ya sita, mvua bado zinanyesha, na Bigwa napanda nikiwa nimejaza. Gasketi ya tapeti kava nimebadilisha pia, nimeinunua hapahapa Morogoro, kwa kuwa gasketi ya mpira haihitaji maltimita. Kwa duka la Gerezani natoa nyota nne. Ya tano ipo kwenye lile basi lililobeba kofia ya Starlet.