Unataka kurudia magemu ya zamani? Anza na hiki, kile cha mwisho achana nacho

Siku hizi kila kona kuna mtu anauza kidude cha magemu ya zamani, cha kuchomeka kwenye TV, cha kushika mkononi, boksi limeandikwa magemu elfu kumi, elfu ishirini, na bei inavutia kweli. Kabla hujatuma hela chukua karatasi uandike ni magemu gani hasa unataka kuyarudia. Wengi hawafiki hata ishirini: Contra, Mario, Street Fighter, Tekken 3, Metal Slug, Sonic, Pac-Man kwa wale wakubwa zetu, Winning Eleven, San Andreas, basi. Hiyo orodha ndo itakwambia ununue nini, maana kuna mashine inapiga Contra safi kabisa lakini San Andreas ya PS2 hata haiwaki. Hayo maelfu kwenye boksi yapuuze, kaseti za "9999999 in 1" zilishatufundisha, unashuka menyu mpaka kidole kinachoka kumbe ni gemu zilezile zimebadilishwa majina.

Nimepanga kwa kumfikiria mtu ambaye tayari ana simu nzuri au ana PS4 sebuleni, anacheza FC, lile gemu la mpira, na wenzake, ila roho inataka na vya zamani pembeni.

Namba moja: vya mkononi vya Kichina, R36S au Anbernic RG35XX H

Hapa ndo hela yako inafanya kazi zaidi. Skrini inchi 3.5, 640 kwa 480, usiidharau maana gemu la NES, ile konsoli ya Nintendo ya miaka ya 80, lenyewe lilikuwa 256 kwa 240 tu, alafu umbo lake ni 4 kwa 3 kama TV ya chogo kwa hiyo picha haivutwi pembeni mpaka Mario anaonekana kanenepa. NES, SNES, Mega Drive, Game Boy Advance, arcade (yale magemu ya mashine za kuweka sarafu) za Capcom na Neo Geo, PS1, vyote vinateleza. Nintendo 64 na PSP ni bahati nasibu, zingine zinaenda zingine zinakatakata. PS2 sahau, na muuzaji akikwambia hii inacheza PS2 mwambie aiwashe hapohapo uone.

R36S ndo ya bei ya chini, ukiagiza China mara nyingi unaipata chini ya dola 50 kabla ya usafiri na ushuru. Shida yake imekopiwa mno, kuna zinazofanana nje kwa kila kitu ila bodi ya ndani ni nyingine, na ule mfumo endeshi wa ArkOS unaopendwa na watu unagoma kuingia. Muulize muuzaji kabla, inawaka na ArkOS? Akianza kuzungukazunguka hama duka. RG35XX H inazidi bei kidogo ila ina wifi na tundu la HDMI, yani ukirudi nyumbani unaichomeka kwenye TV, R36S haina hata kimoja. Angalia hiyo herufi H mwishoni, RG35XX ya kawaida na Plus hazina analogi, vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba, kwa Contra hutazihitaji ila kuna magemu ya PS1 utazitafuta.

Kwa yoyote utakayochukua, ile memori kadi inayokuja nayo huwa ya hovyo, itakufa siku moja na sevu zako zote. Nunua kadi ya kueleweka, hamisha kila kitu siku ileile umefungua boksi. Na chaji kwa chaja ya kawaida, achana na zile za fast charge.

Kitu kingine watu hawakijui, gemu moja huwa na toleo la Marekani na la Ulaya, na yale ya Ulaya enzi hizo yalitengenezwa kwa TV za 50Hz badala ya 60Hz, yani picha 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo mengi yanaenda taratibu kama asilimia 17 hivi. Sonic ya kwanza kwenye mashine za Ulaya alikuwa mzito mpaka unajiuliza hivi ndo huyuhuyu. Ukiona mafaili mawili ya gemu moja chagua lililoandikwa USA.

Namba mbili: simu uliyonayo, ongeza pedi tu

Kwenye Android emuleta, yani programu zinazoigiza mashine za zamani, kama RetroArch na PPSSPP ni bure. Wenye iPhone walinyimwa miaka mingi mpaka Aprili 2024 Apple walipolegeza sheria, ikaingia emuleta ya Delta, baadae na hizo mbili zikafuata. Simu ya kawaida tu ya sasa ina nguvu kuliko R36S. Sasa kwa nini sio ya kwanza? Kwa sababu uko kwa bosi wa mwisho inaingia simu ya mkwe, na kwa sababu kucheza Street Fighter kwa kupapasa kioo ni mateso, ile kona ya kutoa hadouken, lile pigo la kurusha, haitoki. Kwa hiyo usinunue kifaa kipya, nunua pedi. Kama una ya PS4 hata hiyo usinunue, shikilia Share pamoja na kitufe cha PS mpaka taa imetemete haraka, itafute kwenye bluetooth ya simu, umemaliza.

Namba tatu: PS2 ya mtumba

Kama orodha yako ina San Andreas, God of War na Winning, na kama nyumbani kuna watu wa kucheza nao, hii inapanda mpaka namba moja, sibishani na mtu. Ni mashine iliyouzwa kuliko konsoli yoyote duniani, zaidi ya milioni 155, kwa hiyo vipuri na mafundi wapo. Inasoma na CD za PS1, una vizazi viwili kwa mashine moja. Na nikupe siri ya walioipenda Tekken, CD ya Tekken 5 ya PS2 ndani yake kuna Tekken 1, 2 na 3 zile za arcade kabisa, umenunua moja umepata nne.

Ila kununua PS2 mtumba ni kazi. Cha kwanza umeme. Zilizotoka Japani nyingi ni za volti 100, za Marekani 120, na sisi huku ni 230 mpaka 240, ukichomeka moja kwa moja umeunguza, hakuna cha warranti. Geuza usome stika ya mashine na ya adapta, sio maneno ya muuzaji. Cha pili lenzi. Usikubali kuonyeshwa menyu tu eti inawaka, menyu haihitaji CD. Jaribu CD ya PS2 yenye mgongo wa bluu na DVD yenye mgongo wa fedha, zote mbili, maana lenzi iliyochoka mara nyingi inasoma aina moja inakataa nyingine. Ikisoma zote iache ikimbie dakika kadhaa gemu likiwa linaendelea, kuna zinazoanza vizuri zikipata joto zinaganda.

Wengi sasa hawahangaiki na CD, wanatumia memori kadi iliyowekwa Free McBoot, programu inayofungua PS2 iendeshe programu zingine, wanacheza kutoka kwenye flashi kwa OPL, programu ya kupakia magemu. Inafanya kazi, ila tundu la USB la PS2 ni la zamani, USB 1.1, kwa hiyo zile video za katikati ya gemu zitakatakata, sio mashine mbovu. Alafu slim za mwishoni kabisa, baadhi ya zile zinazoanza na SCPH-9, hazikubali Free McBoot, kwa hiyo kama ndo mpango wako idai iwashwe hivyo mbele yako.

Picha nayo. PS2 inatoa waya wa AV, TV nyingi mpya hazina tundu hilo, utahitaji kiadapta cha HDMI. Kama bibi bado ana TV ya chogo kijijini usimruhusu aitupe, hakuna flati inayoonyesha PS2 vizuri hivyo na pedi inaitika papo hapo. Kwenye flati ingia settings uwashe Game Mode, usipowasha unabonyeza kuruka Mario anafikiria kwanza.

Namba nne: una PS4, PS5 au Switch? Nunua mkusanyiko

Kwanza kabisa PS4 na PS5 hazisomi CD za PS1 wala PS2, ziache kabatini. Ila Capcom Arcade Stadium unaishusha bure na gemu la 1943 humo ndani, mengine unalipia unayotaka. Street Fighter 30th Anniversary Collection ina magemu 12. Contra nayo ina mkusanyiko wake wa 2019. Subiri sale, zinashuka sana, na uzuri wake kwetu ni kwamba ni ndogo, hazimalizi bando kama Call of Duty. Na mwenye Street Fighter 6 ajue kwenye Battle Hub, ule ukumbi wake wa mtandaoni, kuna mashine za arcade za Capcom anaweza kukaa akacheza, zinabadilishwabadilishwa.

Namba tano: zile mini rasmi, vikonsoli vidogo vya kampuni zenyewe

NES Classic ya 2016 ina magemu 30, SNES Classic ya 2017 ina 21, ni nzuri sana ila hazitengenezwi tena, zilizobaki bei imechezewa na feki zimejaa. PlayStation Classic ya 2018 pita mbali, magemu 20 na 9 kati yake waliweka matoleo ya Ulaya ya 50Hz, ikiwemo Tekken 3. Tekken 3 ya kuvuta miguu nani anaitaka?

Ya mwisho: stiki ya HDMI iliyoandikwa 4K

Ndo inayouzwa kila kona na ndo naiweka mkiani. 4K ya nini kwenye gemu la 1985? PS1 inakwama, pedi zinaita kwa kuchelewa na zinakula betri, na hayo magemu yamejazwa humo bila wenyewe kulipwa. Emuleta yenyewe sio kosa, mahakama Marekani ilimpa haki Connectix, kampuni iliyotengeneza emuleta ya PS1, dhidi ya Sony mwaka 2000, ila kuuza kopi za magemu ya watu ni habari nyingine.

Kama umeshanunua usilie. Badilisha memori kadi, tafuta pedi ya USB ya waya kama stiki yako ina tundu, waachie watoto wacheze Contra na Pac-Man, kwa hayo inatosha.