Bakapu safi, ila kwenye kurudisha mafaili kuweni makini sana

Nimeitumia hii programu ya bakapu (nakala za akiba za mafaili) miezi nane hivi na upande wa kuhifadhi sina neno, unaipangia kila Jumapili usiku inapiga kazi kimyakimya, mara ya kwanza inabeba kila kitu halafu zinazofuata inabeba yaliyobadilika tu, so diski ya nje haijai haraka. Ila usije ukafuta bakapu ya katikati eti unapunguza mzigo, zinategemeana hizo, ukitoa moja zilizokuja baada yake hazifunguki.

Shida yenyewe iko kwenye kurudisha. Alhamisi nilifuta picha fulani kwa bahati mbaya, nikasema si bakapu ipo, nikachagua ya Jumapili, folda nzima ya Nyaraka maana picha zilikuwa humo ndani, nikabonyeza Rudisha. Ikauliza irudishe palepale zilipokuwa, nikakubali. Kumbe chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, kuna kiboksi kimeshawekwa tiki tayari: "Ondoa yasiyomo kwenye bakapu".

Picha zilirudi zote. Ripoti niliyoianza Jumatatu, kurasa kumi na nne, haipo. Faili la mahesabu lipo lakini ni lile la Jumapili, kazi ya siku nne imefunikwa. Nikakimbilia pipa la taka, tupu, haipitishi huko. Nikajaribu programu ya kufufua mafaili nayo ikatoka kapa, na kompyuta yangu ni ya SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), hizo mara nyingi kitu kikifutwa zinapasafisha pale kabisa. Niliumia sana aisee.

Nimewaandikia wenye programu, jibu lao ni kwamba ndivyo ilivyotengenezwa ili folda ifanane na bakapu. Sawa, kuna wanaotaka hivyo, lakini kitu kinachofuta kazi ya mtu hakitakiwi kuja na tiki tayari, na kabla ya kufuta ingeonyesha orodha ya yanayoondoka.

Sasa hivi narudishia kwenye folda mpya tupu, naangalia tarehe za mafaili, nafungua mawili matatu nione yanafunguka, ndo nahamisha ninachotaka kwa mkono. Inachosha ila hakuna kinachofunikwa.

Kuhifadhi nyota tano, kurudisha naipa mbili, na mpaka watoe hiyo tiki siongezi.