Kamera ya rivasi: kwa kuona naiamini, kwa kupima bado

Gari langu halikutoka kiwandani na kamera ya nyuma, kwa hiyo nilifungiwa na fundi umeme. Nimepaki nayo mvua na jua. Vitu vifupi ambavyo kioo hakivioni, kama kigingi, ndoo au mtoto aliyechuchumaa, inavionyesha vizuri sana. Ila ukiiuliza kitu kiko umbali gani, hapo ndipo inapokudanganya.

Ufungaji wenyewe si wa ajabu. Waya mwekundu wa kamera uliunganishwa na wa taa ya rivasi, mweusi ukafungwa kwenye bodi. Ukiingiza rivasi, volti 12 zinazowasha taa ndizo zinazoamsha kamera, na waya mwingine mwembamba unaiambia redio ibadilishe skrini. Picha yangu huvuta miguu kutokea gari likiwa ndiyo kwanza limewashwa. Marekani, ambako kila gari dogo jipya lazima liwe na kamera tangu Mei 2018, sheria inataka picha itokee ndani ya sekunde 2.

Picha hugeuzwa kama ya kwenye kioo, ili cha kushoto kwako kikae kushoto kwa skrini. Kamera nyingi za kununua zina kitanzi kidogo cha waya pembeni: ukikikata, picha inageuka, na kingine huondoa mistari ya kukadiria umbali inayochorwa juu ya picha. Mwambie fundi ajaribu picha kabla hajarudisha plastiki za buti, maana nyaya hizo huishia ndani kabisa.

Sasa mistari. Lenzi ni pana mno ili ione nyuma yote, na upana huo hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo. Mistari ya kijani, njano na nyekundu imechorwa kwa kudhani ardhi iko sawa na matairi yako. Nyuma kukiwa na mwinuko, ukuta unaonekana bado una nafasi ilhali umeshaukaribia; kukiwa na mteremko, ni kinyume chake. Ukijaza buti mizigo, mkia wa gari unashuka na hesabu inaharibika. Kibaya zaidi ni lori ambalo bodi yake imechomoza nyuma ya matairi. Mstari mwekundu unasoma pale chini matairi yalipokanyaga, wakati bodi iko hewani, usawa wa kioo chako. Hapo mimi nashuka nikaangalie.

Mistari yangu haisogei hata nikate usukani wote. Kwenye magari mengi yaliyotoka nayo kiwandani hujipinda, kwa sababu sensa ya usukani inapeleka pembe kwenye kompyuta. Kama unapaki sehemu finyu kila siku, hiyo ndiyo ningelipia.

Usiku inategemea taa ya rivasi tu. Balbu ikiwa hafifu picha inajaa chengachenga. Matope ni kero ya kudumu, kwani lenzi imekaa juu ya pleti namba. Kitambaa laini chenye maji kinatosha, na anayeosha gari asiielekezee mashine ya presha.

Kwenye boksi tafuta alama ya IP67 au IP68 ya kuzuia maji. Kamera yangu ya kwanza haikuwa nayo, na baada ya masika lenzi ilishika ukungu kwa ndani. Fundi aliipaka silikoni, ukungu ukabaki palepale, nikanunua nyingine.